WASUDERI NA SERIKALI: NANI ANASEMA KWA NIABA YA KAZI YA KUCHOMELEA?



Baadhi ya wanachama wetu wa mashamba ya chai na wa viwandani wametuuliza jambo ambalo tumeona yafaa lijibiwe kwa urefu katika kurasa hizi za Kiswahili. Wamesikia kwamba mafundi wa kuchomelea vyuma, ambao sisi hapa Gisenyi twawaita wasuderi, wanataka kuwa na chama kimoja cha kuzungumza na Serikali. Wanauliza: chama hicho ni sendika kama yetu, ama ni chama cha wenye mali? Kitazungumza na nani hasa, na kwa njia gani? Na sisi tunaochuma majani au kusimama kwenye mashine za chupa, yatuhusu nini?

Tuanze na swali la mwisho. Hakuna kiwanda katika wilaya yetu ya Rubavu kinachoweza kwenda mwezi mmoja bila msuderi. Makaushio ya chai, boila, mabomba ya mvuke, trela za kubebea majani, ngazi, paa na mageti, vyote hivi vinapasuka, na vikipasuka usiku yeye ndiye anayeamshwa. Wengi wa mafundi hao si waajiriwa wa kiwanda. Huitwa kwa siku, hulipwa kwa kazi, na kesho hawajulikani. Tena watoto wetu wengi waliomaliza shule bila kupata nafasi wamo humo humo katika karakana za barabarani na katika Agakiriro, yaani mahali palipojengwa kuwakusanya mafundi pamoja. Kwa hiyo jambo lolote linaloamuliwa Kigali juu ya bei ya vyuma, umeme au vyeti vya ufundi, linafika mezani kwetu, hata kama hatujawahi kushika mashine ya kuchomelea.

VYAMA VYA AINA MBILI

Yafaa ieleweke kwamba neno "chama" linafunika vitu viwili visivyofanana. Kuna chama cha kazi, yaani sendika, ambacho wanachama wake ni watu wanaouza nguvu zao kwa mshahara. Na kuna chama cha fani au cha sekta, ambacho wanachama wake ni wenye karakana, wenye mashine, wale wanaonunua vyuma na kuuza milango. Cha kwanza kinamtazama mwajiri. Cha pili kinatazama soko, ushuru na kodi, na kinapokwenda serikalini hujiita "sekta".

Kwa msuderi mambo huchanganyika, na ndiyo maana swali la wanachama wetu si la kijinga hata kidogo. Mtu mwenye mashine moja, asiye na kibarua, ni mwenye mali au ni mfanyakazi? Leo anajichomelea dirisha lake la kuuza, kesho anaitwa kiwandani kama kibarua. Sisi tunaona mtu wa namna hiyo ana haki ya kukaa pande zote mbili. Lakini mwenye mashine tano na vijana wanane anaowalipa kwa siku ni mwajiri, hata kama yeye mwenyewe bado anavaa kinyago na mikono yake ina makovu ya cheche.

Hapa Rwanda aina ya cheti cha chama ndiyo inayoamua mlango wa kuingilia. Kikundi cha mafundi kilichoandikishwa kama koperative kipo chini ya RCA, shirika la Serikali linalosimamia vyama vya ushirika. Sendika na vyama vya waajiri huandikishwa katika wizara inayohusika na kazi. Wafanyabiashara na wenye viwanda, wakubwa kwa wadogo, wana shirikisho lao la PSF lililoanzishwa mwaka 1999, nalo limegawanywa katika vyumba vya fani mbalimbali, kikiwamo cha mafundi na wasanii, na lina viongozi wake hadi wilayani. Upande wetu kuna CESTRAR, iliyoanzishwa mwaka 1985, na ndani yake STECOMA, sendika ya wafanyakazi wa ujenzi, useremala na ufundi, iliyoanza mwaka 2008. Haki yenyewe ya kuungana si zawadi ya mtu: Rwanda ilikubali Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi la Kimataifa mwaka 1988.

BARUA ILIYOKWENDA MLANGO USIO WAKE

Tuliwahi kuonyeshwa barua ya kikundi kimoja cha mafundi. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa heshima zote, ina sahihi nyingi na muhuri. Ilikuwa inaomba umeme upunguzwe bei kwa sababu "maisha ni magumu". Ilipelekwa wilayani. Ikajibiwa kwa adabu kwamba jambo hilo si la wilaya, na kikundi kikakata tamaa, wakisema Serikali haisikii.

Kwa kweli Serikali haikuwa imeulizwa. Bei ya umeme nchini haipangwi na wilaya, wala na karani anayeuza umeme dirishani. Inapangwa na RURA, mamlaka ya kusimamia huduma hizo, na RURA haipangi bei moja kwa watu wote, bali hupanga kwa makundi: nyumba, biashara zisizo nyumba, viwanda vidogo, vya kati na vikubwa. Msuderi anayejua hili haombi huruma. Anauliza: mimi nipo kundi gani?

Tuchukue bei zilizotangazwa mwezi Januari 2020. Bei hubadilishwa, na msomaji asizichukue kuwa ndizo za leo. Tunazitumia kwa ajili ya hesabu tu. Mteja asiye wa nyumbani alilipa Faranga 227 kwa kila uniti (yaani kilowati-saa) mpaka uniti 100 kwa mwezi, na kuanzia hapo Faranga 255. Kiwanda kidogo kilichoandikwa kuwa kiwanda kililipa Faranga 134. Sasa tuchukue karakana inayotumia uniti 600 kwa mwezi. Ikihesabiwa kama duka, uniti 100 za kwanza ni Faranga 22,700, na 500 zilizobaki ni Faranga 127,500, jumla Faranga 150,200. Ikihesabiwa kama kiwanda kidogo, ni Faranga 80,400. Tofauti ni Faranga 69,800 kila mwezi kabla ya kodi, kwa kazi ile ile, mashine ile ile, na waya ule ule.

Fedha hiyo haitoki mbinguni. Inatoka kwa mteja anayenunua mlango, au inakatwa katika malipo ya kijana anayeshika chuma wakati bwana wake akichomelea. Tunavyojua sisi, mara nyingi ni huyo kijana.

Basi chama chenye akili kingefanyaje? Kwanza kingekusanya stakabadhi za umeme za miezi kumi na miwili kutoka karakana nyingi kadiri iwezekanavyo, maana kundi la viwanda lina kiwango chake cha matumizi ya mwaka, na karakana ndogo sana inaweza kukataliwa kwa sababu haifiki. Pili kingeonyesha kwamba kazi yake ni kutengeneza, si kuuza vilivyotengenezwa na wengine. Tatu kingeuliza kama karakana zilizo chini ya paa moja, kama zile za Agakiriro, zaweza kuhesabiwa pamoja. Hayo matatu yanaingia katika kurasa mbili. Kisha nakala moja iende RURA, moja PSF ili ibebwe katika mazungumzo baina ya Serikali na sekta binafsi ambayo PSF huendesha pamoja na RDB, na moja wilayani kwa kuwaarifu tu. Ofisa anayepokea kurasa hizo anaweza kukataa, lakini hawezi kusema kwamba hakuelewa anachoombwa.

Wilaya nayo ina mlango wake, tusiudharau. Ardhi ya karakana, kodi ya kibanda katika jengo la wilaya, takataka, njia ya gari la zimamoto, haya ni ya wilaya na baraza lake, Njyanama. Meya husaini kila mwaka imihigo, yaani ahadi za kazi ambazo baadaye hupimwa nazo. Jambo likiingia katika imihigo lina mtu wa kuulizwa. Likibaki katika hotuba ya mkutano halina. Pia kuna JADF, ambapo mashirika, makanisa, wafanyabiashara na vikundi hukaa na wilaya. Agakiriro ya Gisozi kule Kigali imeungua zaidi ya mara moja, na mafundi wakapoteza mbao, mashine na mali za wateja. Mafundi wa Rubavu wakitaka mabomba ya maji ya kuzimia moto na nafasi kati ya wachomeleaji na maseremala, waombe leo, na wailetee wilaya mchoro.

Jambo la ushuru wa vyuma ni refu zaidi, nasi tutalipitia haraka. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sasa ushuru wa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya haupangwi Kigali peke yake. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza daraja la nne la ushuru, la asilimia 35, kuanzia tarehe 1 Julai 2022, na baadhi ya bidhaa za chuma zimo, pamoja na samani. Kila nchi huweza kuomba kusamehewa kwa muda kwa bidhaa fulani. Maombi huzungumzwa na mawaziri wa fedha kabla ya bajeti za mwezi wa Juni. Maana yake ni kwamba fundi anayelalamika mwezi wa Septemba amechelewa au amewahi mno.

Hapa ndipo neno "sekta" linapopasuka vipande. Kiwanda kinachotengeneza mabati na mirija ya mraba ndani ya Jumuiya kinataka ushuru uwe mkubwa ili bidhaa ya nje isikishinde. Msuderi anayenunua mirija hiyo anataka uwe mdogo. Lakini msuderi huyo huyo anataka ushuru mkubwa juu ya milango na vitanda vya chuma vinavyoletwa vikiwa tayari. Wote wawili huenda Kigali na kusema "sisi ni sekta ya vyuma". Mwenye ofisi, hesabu na mtu wa kuandika barua husikika, na huyo kwa kawaida si msuderi wa Gisenyi. Fundi wetu ana shaka nyingine tena, ya mpaka. Mpaka ulipofungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya Korona, na vita vilipofika Goma mwezi Januari 2025, soko la ng'ambo lilitikisika, wakati mwenye karakana Kigali soko lake liko Kigali. Chama cha taifa kisicho na sauti ya Rubavu hakitalisema hilo.

WENZETU WALIVYOFANYA

Kenya wanatupa mfano wa karibu. Mafundi wa bati na vyuma wa Kamukunji na Gikomba, Nairobi, walifanya kazi miaka mingi juani, wakifukuzwa na askari wa jiji, na ndipo wakaitwa jua kali. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea na kuahidi vibanda. Vibanda vikajengwa. Lakini Serikali haiwezi kumgawia ardhi kila mtu aliyeshika nyundo, ikataka vyama, na vyama vikazaliwa upesi. Mwaka 1988 ikaundwa wizara ya mafunzo ya ufundi, mwaka 1992 ikatoka hati ya sera iliyowataja jua kali kwa jina, na mwaka 2012 Bunge likapitisha Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana, iliyoweka mamlaka ya kusimamia sekta hiyo na kutambua vyama vyao.

Ukihesabu, ni miaka 27 tangu ziara ya Rais hadi sheria. Tunalitaja hili kwa wale wanaodhani chama kikianzishwa Jumatatu, Ijumaa ushuru umeshuka. Na kuna jambo jingine la kuangalia: pale ardhi ilipopitia mikononi mwa vyama, kuwa kiongozi wa chama kukawa na faida, na orodha ya wanachama ikawa kitu cha kugombewa. Chama kinachogawa vibanda lazima kiweke orodha yake wazi ukutani.

Marekani walipita njia nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli zilihitajika upesi, ikaundwa kamati ya kuchunguza uchomeleaji. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, wahandisi wa kamati hiyo na wenzao wakaanzisha chama, American Welding Society. Hakikupata nguvu kwa kupiga kelele. Kiliandika kanuni: chuma cha unene huu kiungwe hivi, fundi ajaribiwe hivi, kiungo kikaguliwe hivi. Mwaka 1928 kikatoa kanuni za kuchomelea katika majengo. Mji uliotaka kuruhusu majengo ya kuchomelea ulikuwa na kitabu tayari, usihitaji kuandika chake. Tangu mwaka 1948 kuna taasisi ya kimataifa ya fani hii, na leo fundi wa mabomba ya gesi mahali pengi duniani huulizwa cheti cha majaribio ya namna hiyo.

Somo hilo lafaa hapa kuliko la kelele. Mwaka 2020 Rwanda ilijenga madarasa zaidi ya 22,000 kwa haraka, na kila darasa lina milango na madirisha. Kazi kama hiyo inapokuja, anayetoa kazi hutaka kujua nani anaweza. Chama chenye orodha ya mafundi waliopimwa, pamoja na mfano wa dirisha uliokubaliwa kwa vipimo na unene wa chuma, kinapunguza taabu ya ofisa, na ofisa humrudia mtu anayempunguzia taabu.

Juu ya vyeti, sendika haikungoja wenye mali. STECOMA ilifanya kazi na Serikali ili wafanyakazi wa ujenzi waliojifunza kwa mikono, bila shule, wapimwe na kupewa cheti cha kutambua ujuzi walio nao. Mwashi aliyejenga miaka 15 bila karatasi alikuwa akilipwa kama msaidizi. Mwenye karatasi anaweza kubishana. Msuderi wa karakana yuko katika hali ile ile, na njia imekwisha kufunguliwa. Sasa mafunzo ya ufundi yapo chini ya RTB, bodi ya mafunzo hayo nchini.

ASIYEKUWAMO CHUMBANI

Sasa tufike kwenye neno ambalo chama cha wenye karakana hakitalisema chenyewe, si kwa ubaya, ila kwa sababu si kazi yake. Kitakwenda serikalini na umeme, ushuru, kodi na zabuni. Hakitakwenda na macho ya kibarua.

Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Na mionzi ya mwali wenyewe ikawekwa kundi hilo hilo. Zamani moshi huo ulihesabiwa kuwa wa kushukiwa tu. Msuderi yeyote anajua yale ya karibu: usiku wa macho yanayowaka kama yamejazwa mchanga, na homa na baridi baada ya kuchomelea bati lililopakwa zinki ndani ya chumba kilichofungwa. Tumeona kijana akishika chuma kwa bwana wake huku amefumba macho na kugeuza shingo, kwa kuwa kinyago kipo kimoja. Kugeuza shingo si kinga.

Wengine wanadhani sheria haiwafikii hao kwa sababu hawana mkataba wa karatasi. Si kweli. Sheria ya Kazi Namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inawataja pia wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, na kuwapa ulinzi katika afya na usalama kazini, haki ya kuunda sendika, na kinga ya watoto wasitumikishwe. Sheria hiyo hiyo iliacha kima cha chini cha mshahara kiwekwe kwa agizo la waziri. Wazee wetu watakumbuka Faranga 100 kwa siku, kiwango cha mwaka 1980, ambacho mwaka sheria hiyo ilipotoka kilikuwa hakitoshi hata nauli ya asubuhi.

Mambo hayo huzungumzwa katika Baraza la Taifa la Kazi, ambapo hukaa pande tatu: Serikali, waajiri na wafanyakazi. Mwenye karakana ana njia ya kufika huko kupitia kwa waajiri. Kibarua wake hana njia isipokuwa sendika. Ndiyo maana hatupingi wasuderi kuwa na chama chao cha fani, tena tungependa kiwe na nguvu, maana karakana iliyofilisika haimlipi mtu. Umeme ukishuka tutafurahi pamoja nao. Tunachokataa ni chama hicho kuhesabu vibarua katika idadi ya wanachama wake kinapokwenda Kigali, kisha kuwasahau kinaporudi.

Wenye karakana kadhaa wametuahidi kutuonyesha rasimu ya kanuni zao. Tutaanza na ibara ya uanachama, kuona kama wanaolipwa kwa siku wamehesabiwa humo na kama wana kura. Wakati huo tunawaomba wanachama wa mashambani na viwandani wenye ndugu au watoto katika kazi hii wawaulize maneno matatu na kuyaleta kwa mjumbe wa tawi: nani alinunua kinyago unachovaa, unalipwa siku ambayo umeme umekatika, na jina lako limeandikwa katika daftari la nani. Majibu yaletwe bila jina la karakana, ili mtu asipoteze kazi yake kwa ajili ya swali letu.